Kikombe Kilichokwenda Xi'an

Mlingotini,
12 Januari 2025

Kwa mke mwenzangu Adila,

Salamu zikufikie huko Mkange kwenye ualimu wako mpya. Sisi huku hatujambo, ila goti langu la kushoto limenuna tangu mwaka uanze. Jirani yetu Ashatu kaoza mjukuu, pilau nimepika mimi, na watu wamekula hadi ukoko. Binamu yako Lulu kaingia kidato cha pili na hesabu zinamshinda kama zilivyomshinda mama yake. Babu yako, yaani mume wetu, anakusalimu. Anasema umemtupa. Nimemwambia ndivyo walivyo wake wadogo, wakishashiba wanahama.

Utashangaa kuandikiwa barua na bibi wa miaka sabini na mmoja wakati simu ninayo. Simu anayo Lulu. Ujumbe ukiingia anausoma kwa sauti kama mtangazaji wa redio, na ukinipigia anaweka spika kwa sababu masikio yangu mazito, basi hadi Ashatu anajibu. Ninalokuuliza leo si la kujibiwa na Ashatu. Mwalimu mwenzako Tarcis, huyu wa Kerege, amekubali kuwa posta yetu kila akienda na kurudi. Nimemfungia vitumbua.

Sasa sikiliza. Mume wetu amepata nafasi ya Hija, ataondoka tarehe ishirini Mei inshallah. Unajua mtu haendi Makka na kitu cha mwenziwe shingoni. Basi anazunguka kijiji kizima na karatasi mkononi: jembe la huyu, taa ya yule, kitabu cha marehemu fulani. Akirudisha anapiga mstari. Cha kwanza kwenye karatasi alishakipigia mstari tangu mwaka jana kwa ajili yako wewe, nacho ni kile kikombe cha bati cha Mzee Ma, mpishi wa Kichina wa kambi ya Mlimba walipokuwa wakijenga reli. Alikuwa Mwislamu, na ndiye pekee ambaye mume wetu alikula chakula chake bila kuuliza. Kambi ilipohama, kikombe kikarudi Mlingotini ndani ya mfuko wa mume wetu, na miaka hamsini kikamkera. Ulipokwenda China ule mwaka wa kubadilishana wanafunzi akakukabidhi kifurushi, nikakishona kwa mkono wangu, nawe ukasema umekifikisha kwa mwenyewe huko Xi'an na mzee wa watu akalia.

Mume wetu anataka kulisimulia hilo siku ya kuagwa. Tatizo ni kwamba wewe ulilisimulia mara tatu. Mara ya kwanza Mzee Ma alikupikia sahani mbili, mara ya pili tano, na mara ya tatu ulifika kumi na moja. Andika basi tujue lipi ni lipi. Na nijibu mawili ya kwangu mwenyewe. Mzee alikishikaje kikombe? Na je, kifurushi kilikuwa na harufu yoyote njiani?

Ni mimi mke mkubwa,
Bibi Somoe


Mkange,
2 Februari 2025

Bibi yangu mpenzi, mke mkubwa usiyezeeka,

Shikamoo. Goti lako limenitia huruma, lipake mafuta ya nazi yenye karafuu wala usimpikie Ashatu tena bila msaidizi. Mimi ni mzima. Nafundisha biolojia madarasa manne, na kila darasa swali la kwanza ni moja: madam, ulikula nyoka? Nawaambia sikula nyoka. Wanasikitika, heshima yangu inashuka.

Nilichokula ni hiki, umwambie Babu. Xi'an kuna mtaa wa Waislamu nyuma ya msikiti mkubwa, msikiti wenyewe hauna mnara wa kwetu, una mapaa yaliyokunja ncha juu na bustani ndani yake. Mtaani mishikaki ya kondoo inapakwa bizari nyembamba hadi unapiga chafya ukiwa bado uko mbali. Kuna tambi pana kama mkanda wa suruali, moja inajaza bakuli. Kuna mkate mgumu unaopewa na bakuli tupu, unaumega mwenyewe vipande vidogo kama punje za mahindi, kisha mpishi anaumwagia mchuzi wa kondoo. Ukimega vipande vikubwa anakurudishia bakuli lako uanze upya. Nilirudishiwa mara mbili. Juisi ya komamanga wanakamua mbele yako. Halafu kuna ukuta wa mji, mpana hadi watu wanaendesha baiskeli juu yake, na nje ya mji kuna maelfu ya askari wa udongo waliozikwa na mfalme wao, hakuna wawili wenye sura moja.

Kuhusu kikombe, Mzee Ma alikipokea kwa mikono miwili, kisha akashika mkono wa kikombe, akakitazama sana, akalia. Sahani weka saba.

Lakini Bibi, kikombe cha bati kinanukaje? Ila umenikumbusha. Mwenzangu wa chumbani alilalamika harufu kwa muda mrefu, nikafua viatu vyangu mara tatu na mwisho nikavitupa. Kwa nini umeuliza?

Mjukuu wako,
Adila


Mlingotini,
9 Machi 2025

Kwa Adila, mfua viatu,

Ramadhani karimu. Tunafunga vizuri, futari ni muhogo wa nazi na tambi, na mume wetu analalamika kila siku kwamba tambi zangu si pana kama mkanda wa suruali. Barua yako nimemsomea, ila ya harufu nimeiruka. Ile ya askari wa udongo aliirudia mara nne.

Nimefurahi kwamba Mzee Ma alishika mkono wa kikombe. Nimefurahi kwa mshangao, maana mkono huo ulivunjika mwaka aliozaliwa mama yako.

Sasa kaa chini. Juzi mume wetu alikwenda Bagamoyo mjini kufungua sanduku la posta, akarudi na barua kutoka China. Mihuri myekundu, maandishi kama nyayo za kaa, na anwani yetu ileile aliyoiweka mwenyewe ndani ya kifurushi. Amecheka siku nzima. Hakuifungua. Ameiweka chini ya mswala, na kila mtu anaambiwa: Adila atakuja Idi, ataisoma mbele ya watu. Lulu akasema simu yake inaweza kusoma Kichina. Mume wetu akamwambia barua ya rafiki yake haisomwi na simu.

Mke mwenzangu, wewe ulimwona Mzee Ma ana kwa ana, basi huna la kuogopa. Ila nakushauri kama mkubwa wako: utakaposoma, soma kwa hekima. Si kila kilichoandikwa lazima kitamkwe. Kama mna sehemu ya kikombe, unaweza kuipita upesi, ukakaa zaidi kwenye salamu na afya.

Bibi Somoe


Mkange,
16 Machi 2025

Shikamoo Bibi,

Leo sisalimii sana, nisamehe. Nimesoma barua yako mara mbili na futari imenishinda.

Idi siji. Nitamwambia Babu nasahihisha mitihani, na mitihani kweli ipo, lakini siji kwa sababu nimefunga, na siwezi kufunga huku nikitunga. Sikumwona Mzee Ma. Sikufika hata mlangoni kwake.

Nilikuwa na siku moja tu Xi'an. Nilishuka kwenye treni asubuhi, kifurushi mkononi, na nyuma yake nimenakili anwani kutoka kwenye bahasha ya zamani aliyoachiwa Babu na Mzee Ma, herufi kwa herufi. Nyumba ilikuwa dakika ishirini kwa miguu. Nikasema nile kwanza, mtu haendi ugenini na njaa. Nikala. Nikasema nione ukuta kidogo. Nikakodi baiskeli, nikaweka kifurushi kwenye kikapu, nikazunguka mji mzima kwa juu, Bibi, upepo usoni, mapaa chini yangu, nikijiona malkia. Niliporudisha baiskeli nikaona basi la kwenda kwa askari wa udongo linaondoka, nikalikimbilia.

Nilikumbuka nikiwa nimesimama mbele ya wale askari. Maelfu, na wote wananitazama. Nilirudi mbio, zamu ya wapokea baiskeli imebadilika, kifurushi hakipo, hakuna aliyejua lolote. Nililia kwenye treni usiku kucha. Babu alinipa salamu, na salamu ni amana, nikaibeba kutoka Mlingotini hadi dakika ishirini za mwisho nikaiangusha kwa ajili ya mishikaki. Kisha niliporudi alinisubiri barazani amevaa kanzu mpya. Ningemwambia nini?

Kwa hiyo barua hiyo sijui ameiandika nani. Labda walinzi wa ukuta.

Lakini kuna jambo sielewi. Mimi mwenye uongo naogopa barua, ni haki yangu. Wewe, Bibi, unaogopa nini?

Adila


Mlingotini,
6 Aprili 2025

Kwa mke mwenzangu,

Idi imepita vyema. Kila mtu alikuuliza. Mume wetu alikuwekea kipande chake cha keki kwenye kabati, kikaliwa na sisimizi, naye hajakubali kukitupa.

Njia ya mwongo ni fupi, lakini wewe na mimi, mwanangu, tumekutana katikati yake. Nilikuwa nimeandaa maneno makali ya kukukaripia. Nimeyachana.

Kikombe hakikwenda China. Kiko ndani ya pipa langu la mchele, hapo kilipo tangu mwaka sabini na sita. Pilau zote za harusi na hitima nilizopika pwani hii, kuanzia hapa hadi Kaole, nimezipima kwa kikombe hicho. Cha dukani nimejaribu, wali unatoka bokoboko. Mume wetu aliponipa kikombe nikishonee kifurushi nilikaa nacho mapajani kutwa, mkono ukakataa. Nikachukua kopo la maziwa. Lakini kumpelekea mtu wa ugenini kopo tupu niliona aibu, kwetu chombo hakirudi kitupu, basi nikalijaza papa mkavu, yule wa Mlingotini hasa. Juu yake nikaweka barua ya mume wetu bila kuisoma, nikashona.

Viatu vyako vilikuwa visafi, Adila. Nitakununulia vingine.

Kwa hiyo mume wetu anakwenda mbele ya Kaaba akiamini shingo yake nyeupe, na walioichafua ni wake zake wawili. Silali vizuri. Nikimwambia, sijui atanitazamaje. Nisipomwambia, naye akasimama Arafa na kikombe cha watu nyumbani kwake kwa sababu yangu, mimi nitajibu nini siku ya kuulizwa?

Nataka kwanza kujua barua inasema nini. Juzi alipokwenda Ijumaa niliifungua kwa mvuke wa birika, nikatoa karatasi, na ndani ya bahasha nikatia karatasi nyingine ili isionekane nyembamba. Niliyoipata karibu ilikuwa mtihani wa hesabu wa Lulu. Barua yenyewe hii hapa. Isome, uniandikie upesi. Usiongeze chochote.

Bibi Somoe


Mkange,
27 Aprili 2025

Bibi yangu,

Shikamoo. Umesubiri sana, najua. Masika yameikata barabara, Tarcis amekaa ng'ambo ya Wami siku tisa na barua yako mfukoni. Aliponikabidhi aliniuliza kama sisi ni wafanya magendo.

Nimeisoma kwa kamusi, polepole, na naapa sijaongeza hata sahani moja.

Imeandikwa na mjukuu wake, msichana kama mimi. Mzee Ma yu hai. Ana miaka themanini na minne, meno mawili, na hasikii vizuri, utampenda. Kifurushi kiliokotwa na mama mmoja anayepokea baiskeli pale ukutani. Aliona anwani niliyonakili nyuma, na jioni ileile akakipeleka mwenyewe kwa miguu, kwa kuwa dereva wa basi alikataa harufu. Mjukuu anasema walitaka kukitupa. Babu yake alikuwa ndani amelala, akaamka, akanusa, akaita kwa sauti jina la Babu: Mwinyijuma! Kabla hawajakifungua, Bibi. Walimpikia yule papa. Mtaa mzima ulilalamika. Alikula siku tatu, akisimulia reli.

Barua ya Babu ilikaa miezi bila msomaji, mpaka wakampata kijana wa kwetu anayesomea udaktari huko. Ndipo wakajua habari ya kikombe. Sasa sikiliza anavyosema Mzee Ma, nanakili kama ilivyo: "Mwambieni Mwinyijuma kikombe sikukiona, na nimefurahi. Hakukiazima. Alikiiba, nami nilimwona akikitia mfukoni, nikanyamaza, kwa sababu asubuhi ile mimi nilikuwa nimeshaiba kata yake ya kifuu. Nilipomwambia haya tulipoagana njiani, alicheka akasema tubaki hivyo hivyo. Yeye amezeeka amesahau, mimi sijasahau. Mchuzi wa kondoo nauteka kwa kata hiyo hadi leo. Wajukuu wakitaka kuitupa nawaambia ina pete tatu za moto kwenye mpini, na pengo moja ukingoni, na haipatikani China nzima. Asinidai, nami simdai."

Mwisho wameuliza papa yule anarostiwaje, wao walimchemsha tu.

Kwa hiyo salamu ilifika, Bibi. Nililia niliposoma, kwa aibu na kwa raha pamoja. Mimi mwenye miguu miwili nilishindwa, papa akafika. Sasa niambie nifanye nini. Nikisoma yote mbele ya watu, tunaanguka wote wawili. Nikiruka, ni uongo mwingine, nami nimechoka nao.

Adila


Mlingotini,
14 Mei 2025

Kwa mke mwenzangu mpenzi,

Marahaba zote ninazodaiwa. Goti limepona, sijui kwa karafuu au kwa furaha, utaamua mwenyewe ukimaliza kusoma.

Nilipoanza barua yako nilisema, huyu mtoto kapika tena, kaona tumebanwa akatutungia Mchina wa kutusamehe. Nikaendelea hivyo hivyo, midomo nimeibetua, mpaka nilipofika kwenye pete tatu za moto na pengo moja ukingoni. Nikaweka barua chini.

Adila, hujazaliwa wewe, wala mama yako hajazaliwa. Kata ile alinichongea mama yangu nilipoolewa, pete zile alizichoma kwa msumari mbele ya macho yangu, na pengo nililitia mimi wiki ya kwanza nilipoigonga kwenye mtungi. Mume wetu akaondoka nayo kwenda kazini relini ili anywe maji akinikumbuka. Alirudi bila kata. Aliniambia imechukuliwa na mto Mpanga, yeye nusura afe akiifuata. Nilimpa pole! Nilimpikia kuku! Miaka hamsini nauchukia mto nisioujua. Waliosema siri ya mtungi muulize kata hawakukosea, ila kata yangu ilibidi ifuatwe Xi'an.

Sikumwambia kitu. Nilisubiri. Nilijua atakuja, kwa sababu anayekwenda Hija huomba radhi kwa kila mtu, na mke huombwa mwisho. Jana baada ya alasiri akaja, akakaa mkekani, akasema, "Mama Halima, tumeishi mengi. Kwa niliyokukosea kwa kujua na kutojua, nisamehe."

Nikamwambia, "Nimekusamehe yote. Limebaki moja tu lililochukuliwa na mto."

Akakohoa. Akarekebisha kofia. Akasema, "Mto gani?"

"Mpanga."

Kisha akasema kwa sauti ndogo, "Nani kakwambia?" Ikabidi sasa na mimi nisimame. Nilikwenda kwenye pipa, nikatoa kikombe, nikakipangusa unga wa mchele, nikamwekea mbele yake. Nikamwambia mimi ndiye niliyekizuia, na kwamba niliogopa kumwambia, na kwamba naomba radhi kabla yeye hajaniomba tena.

Unajua alisema nini? "Nilijua." Anasema siku uliyopanda ndege kwenda China alisubiri wali uharibike. Nikapika, ukatoka vilevile. Nikapika kesho yake, vilevile. Ndipo akajua kikombe hakijatoka nyumbani. Alipiga mstari kwenye karatasi yake kwa kunisitiri, na kila siku akawa anangoja nimwambie mwenyewe.

Nikamuuliza, na Adila aliposimulia mzee kalia, ulijua? Akasema, "Tangu sahani ya kwanza. Mtu atashikaje kikombe kilichomo kwenye pipa lako?" Nikamuuliza mbona alimwacha aendelee, na kanzu mpya juu. Akasema alidhani salamu imepotea kabisa, na hadithi ndiyo pekee aliyobaki nayo. Macho yalimlowa alipolisema hilo, na yangu pia.

Halafu akaingiza mkono chini ya mswala, akatoa bahasha, akaniambia juzi uvumilivu ulimwishia akaifungua. "Nimekuta Wachina wameniletea mtihani wa hesabu," akasema, "na nimepata kumi na mbili kwa mia."

Nilicheka mpaka Ashatu akachungulia. Kisha nikamsomea barua yako, yote, hadi kwa papa wa kuchemsha. Aliposikia Mzee Ma yu hai alisimama, akatoka nje, akakaa huko peke yake muda mrefu. Aliporudi akamimina chai kwenye kikombe kile kisicho na mkono, akanywa nusu akanipa nusu. Kikombe nimekirudisha pipani. Jumapili kinapima pilau ya kumuaga mume wetu.

Sikuambii uje, nakuamuru. Barua ya Mzee Ma uje nayo uisome mbele ya watu, na maelekezo ya kurosti papa nimeshayaandika, utayageuza Kichina tuyapeleke posta. Mume wetu amekusamehe. Amesema pia niandike maneno haya kama alivyoyatamka:

"Mwambie mke wangu mdogo safari hii asimulie ukweli mtupu, baiskeli na machozi na kila kitu. Ila vyakula viwe vilevile kumi na moja."

Mke mkubwa,
Bibi Somoe